Rafiki wa mwanangu anapiga hodi kila siku. Nimwambie nini?

"Naishi Moshi, maeneo ya Pasua, na mume wangu, watoto wawili na dada wa kazi. Mwanangu mkubwa ana miaka minane, yuko darasa la tatu. Ana rafiki yake wa mtaa wa pili, umri ni huo huo. Huyu mtoto anakuja kucheza siku yoyote, saa yoyote, bila taarifa. Siku za shule anafika mwanangu hata sare hajavua. Jumamosi saa moja asubuhi anagonga geti kwa jiwe. Mimi ni muuguzi, naingia zamu za usiku, asubuhi ndiyo nalala. Nikimwambia arudi kwao anakaa nje, naziona kandambili zake kwa chini ya geti. Mume wangu anasema mtoto hafukuzwi. Dada wa kazi anamfungulia ili kelele ziishe. Jumapili iliyopita nilifanya jambo linaloniuma mpaka leo: nilikuwa na vipande vya kuku vya kuhesabu, nikawalisha wanangu chumbani mlango nimefunga, yeye yuko sebuleni anaangalia katuni. Na juzi mwanangu mwenyewe kaninong'oneza, 'Mama, mwambie sipo.' Sitaki kuwa mchoyo, lakini nimechoka. Nifanye nini?"

Dada yangu, pole, na hilo neno mchoyo tuliweke kando kabla ya lolote. Mama mchoyo haumwi na kipande cha kuku siku kadhaa baadaye. Wewe umechoka, na nyumba yako haina utaratibu unaojulikana na wote. Hayo ni mambo mawili tofauti na uchoyo, na yote yana dawa.

Nikiyapanga uliyoyaandika naona shida tatu zilizobebana: usingizi wako, sahani ya chakula, na mwanao aliyekuomba umsemee uongo. Wewe umelalamika zaidi juu ya zile mbili za kwanza. Mimi hiyo ya tatu, uliyoitaja mwishoni kwa sentensi moja, ndiyo iliyonisimamisha. Nitaifikia, ila tuanze na mgeni wako mdogo.

Watu watakuambia mtoto huyo hana adabu, hajafundwa kwao. Sikubaliani nao. Geti lako nadhani ni la chuma, na mkono wa mtoto wa miaka minane ukigonga chuma hausikiki ndani. Jiwe ndiyo hodi yake. Anakuja mchana, anasimama nje, anagonga, anangoja afunguliwe. Haruki ukuta, hapenyi uani kimya kimya. Hapo adabu ipo, ila hajui saa, na hajui saa kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Tukumbuke pia hodi ni kitu gani. Hodi ni swali. Wazee walitufundisha upige mara tatu, usipojibiwa ugeuze urudi ulikotoka bila kinyongo. Na mwenye nyumba alikuwa na majibu zaidi ya moja: karibu, au subiri kidogo, au leo tuna shughuli, pitia kesho. Siku hizi wengi tumebakiwa na jibu moja tu, karibu, na tukiwa hatuna nafasi ya kulisema tunanyamaza hadi hasira zipande, kisha tunafoka. Mtoto anayefokewa leo kwa jambo ambalo jana alikaribishwa hajifunzi chochote kuhusu saa. Anachojifunza ni kwamba mama wa rafiki yake habashiriki.

Kuna jambo jingine ambalo naliona sana kwa familia za Moshi na Arusha. Kama ulikulia kwenye kihamba, lile shamba la migomba la familia lenye nyumba ndani yake, iwe Kibosho, Machame au Marangu, unakumbuka mpaka ulikuwa ni masale, mimea iliyopandwa kwa mstari. Mtoto alipita katikati ya masale akaingia kwenye migomba ya jirani, na hakuna aliyepiga simu kwanza. Lakini alikuwa anaona. Anaona moshi jikoni, anaona bibi yuko kwenye majani ya ng'ombe, anaona watu wamekaa wanakula. Na bibi mwenye kihamba alikuwa hamung'unyi maneno: "Haya, jua linazama, kila mtu kwao." Tumeshuka mjini, tumejenga ukuta, tumeweka geti la bati zito. Mtoto ameondolewa macho. Akiwa nje hajui kama umelala, kama mnakula, kama mmesafiri. Njia pekee iliyobaki ya kujua ni kugonga.

Ongeza na umri. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomwezesha mtu kuzuia hamu yake na kupanga ya baadaye, huendelea kukomaa hadi mtu anapita miaka ishirini. Huyu ana minane. Anaweza kuisoma saa ukutani na bado hamu ya kucheza ikamzidi nguvu. Akiamka Jumamosi na wazo la mpira, hiyo hamu ndiyo saa yake.

Sasa kwa nini harudi kwao ukimwambia arudi? Jibu liko ndani ya barua yako. Wewe unasema rudi. Baba anasema mtoto hafukuzwi. Dada wa kazi anafungua ili kelele ziishe. Umewahi kuwaona watoto wakitikisa mti wa parachichi? Kama mti haudondoshi kabisa, wanatikisa mara mbili wanaondoka. Kama unadondosha kila mara, wanaokota ya kutosha wanaondoka. Mti unaodondosha moja leo, kesho hakuna, keshokutwa mawili, huo hawauachi hadi giza. Geti lako ni mti wa namna hiyo. Kila anapokaa nje na kandambili zake, kisha mtu akachoka na kumfungulia, anathibitishiwa kwamba kungoja kunalipa. Hakuna ubishi wala ukorofi ndani yake. Ni hesabu, na ameipata sawasawa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haimhusu yeye kabisa, ni ya ninyi watu wazima watatu. Kaeni, hata dakika kumi, wewe, mumeo na dada wa kazi, mkubaliane jibu moja. Usimwache dada nje ya kikao. Wewe ukiwa umelala, yeye ndiye mwenye geti, na kama hana maneno ya kusema atafungua tu. Mumeo naye ana hoja, usimpuuze. Anaposema mtoto hafukuzwi anatetea kitu kizuri. Mwambie hivi: hatumfukuzi, tunampa saa.

Hapa una njia tatu, na nitakuambia ninavyoziona.

Unaweza kuacha geti wazi kama zamani. Ina raha yake, na nyumba yenye watoto wa jirani ni nyumba yenye uhai. Ila njia hii ilibebwa na watu wengi: bibi, shangazi, mama wadogo, wote wako hapo hapo kihambani. Kwako uko wewe na dada, na wewe unatoka zamu. Unashika dawa na sindano za wagonjwa, usingizi wako si anasa. Siishauri.

Unaweza kupiga marufuku. Kelele zitaisha, lakini mwanao atapoteza kitu ambacho wewe na mimi hatuwezi kumpa kwa njia nyingine. Kwenye mchezo usio na mwalimu ndiko mtoto anajifunza kugombana na kupatana, kushindwa bila kulia, kungoja zamu yake. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa kuanzia miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli za kuuchangamsha mwili, na rafiki mwenye mpira anazimaliza hizo dakika bila wewe kuhangaika. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 umeutaja mchezo kuwa haki, ibara ya 31. Marufuku ninaiunga mkono pale tu penye hatari, na hatari nitaizungumzia chini.

Njia ya tatu ni kumrudishia mtoto macho aliyonyang'anywa na geti. Weka alama. Chukua kitambaa cha rangi inayoonekana, kipande cha kanga iliyochakaa kinatosha, na mkubaliane: kikining'inia kwenye geti, karibu ucheze, kisipokuwepo, leo au saa hii hapana, usigonge. Familia moja ya Sakina, Arusha, niliyowahi kuwashauri, walitumia kipande cha kitenge cha njano. Kilichonifurahisha ni kwamba baada ya muda watoto wao wenyewe ndio walikuwa wanakumbushana kukitundika na kukitoa, kwa hiyo mama aliacha kuwa mlinzi wa geti.

Saa zenyewe mtapanga ninyi. Kwa mtoto wa darasa la tatu, siku za shule ningempa muda wa kuvua sare, kula kitu na kumaliza homuweki kwanza, kitambaa kitoke saa kumi na moja jioni na kishuke saa kumi na mbili, ili mgeni afike kwao kabla giza halijaingia. Jumamosi kisionekane kabla hujaamka. Ukitoka zamu ya usiku, saa nane mchana si kuchelewa. Na zipo siku ambazo hakitoki kabisa. Familia ina haki ya kuwa peke yake bila kutoa sababu.

Mwambie yeye mwenyewe, si kupitia mwanao. Mtoke nje wote wawili, uiname mkaribiane uso kwa uso, useme kwa sauti ya kawaida: "Baba, nafurahi unavyokuja kucheza hapa. Kuanzia leo, ukiona kitambaa hiki, gonga. Usipokiona, nenda nyumbani, utakuja kitakapokuwepo. Umenielewa? Haya, niambie mwenyewe ukija usipokiona utafanya nini." Akirudia kwa maneno yake, umemaliza. Mtoto akirudia jambo kwa kinywa chake hulishika kuliko alilosikia tu. Na dakika kumi kabla ya kushusha kitambaa, watangazie. Kumkatisha mtoto mchezo ghafla ni kutafuta kilio bure.

Jiandae kwa wiki ya kwanza na ya pili. Atagonga zaidi, si pungufu. Atakaa nje, atarusha mawe madogo, pengine atalia. Ni mti ambao umeacha kudondosha, lazima autikise kwa nguvu kwanza. Mtu atoke mara moja, aseme "Kitambaa hakipo, baba, nenda nyumbani," arudi ndani. Asibembeleze, asifoke. Mkifungua siku ya tano kwa huruma, mmemfundisha kwamba siku tano ndiyo bei.

Sasa ile sahani. Nimekaa nayo kidogo kwa sababu najua inavyouma. Kwetu chakula kinachofichwa mtoto ni jambo zito, na wanao wamekuona ukifanya hivyo. Hapo ndipo pa kurekebisha kwanza, na ni rahisi: waambie. "Jumapili niliwafungia chumbani mle kuku, mwenzenu yuko sebuleni. Sikufanya vizuri. Nilikuwa na kuku kidogo na sikujua la kusema." Hutashuka heshima mbele yao.

Kuanzia hapo kuna mambo mawili tu yanayofaa. Moja, mgeni aende kwao kabla ya chakula, na saa za kitambaa zitakusaidia kwa hilo. La pili, akikutwa na chakula, anakula mlichonacho. Si lazima ale nyama sawa na wenye nyumba. Sahani ya ndizi na mchuzi, bakuli la mtori, au ugali na maharage vinampa mtoto heshima yake. Vipande vya kuku vikiwa vitatu, vichambue nyama uichanganye kwenye mchuzi, hakuna atakayehesabu. Kitu ambacho usikifanye tena ni kugawa watoto kwa mlango. Na kama bajeti haihimili kumlisha kila siku, hilo si aibu, ni sababu nyingine ya kushika saa.

Nenda pia kwao. Naona hujataja mama yake hata mara moja, na hilo linanipa mashaka kidogo: je, anajua mtoto wake yuko wapi saa moja asubuhi? Mtoto anavuka mtaa wenye bodaboda, hajulikani alipo, na akianguka kwenye ngazi zako utampigia nani? Usimalizie jambo hili kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, maneno ya kuandika yana ukali ambao hukuukusudia. Nenda jioni, na papai au mkono wa ndizi, usiende na mashtaka. Msalimie, mweleze kwamba watoto wenu wamependana, mpe namba yako uchukue yake, umwambie habari ya kitambaa na saa zake. Muulize kama kuna chakula kinachomdhuru mtoto na saa anazotaka awe nyumbani. Usianze na "mtoto wako anatusumbua", maana hapo mazungumzo yatafungwa kabla hujakaribishwa kiti.

Ziara hiyo itakuonyesha mengi. Pengine utakuta mama anauza mboga Kiboriloni, anatoka alfajiri, na mtoto anabaki na funguo shingoni. Basi anachofuata kwako si mpira tu, ni watu. Hapo unaweza kuamua kwa moyo mkunjufu kumpa siku mbili za uhakika kwa wiki, na mtoto mwenye Jumatano yake ya uhakika hana haja ya kubahatisha Alhamisi.

Nije kwa mwanao. "Mwambie sipo" inaweza kuwa na maana nyepesi kabisa. Watoto nao huchoka na watu. Alitaka kuchora, au kulala, au kuwa na wewe siku ambayo huna zamu, na hajui namna ya kukataa bila kupoteza rafiki. Kama ni hivyo, usimsemee uongo, maana atajifunza kwamba rafiki hukwepwa kwa kufichwa. Mfundishe sentensi fupi: "Leo sichezi, tutacheza kesho." Fanyeni mazoezi, wewe uwe rafiki unayegonga. Siku ya kwanza simama nyuma yake mkono begani. Mruhusu pia akutumie wewe kama ngao: mkubaliane kwamba akija kukushika kidole gumba, maana yake anataka useme hapana kwa niaba yake, nawe utasema, "Leo mama hajaruhusu." Itakuwa kweli, kwa sababu hujaruhusu.

Lakini ina maana nyingine, na sitaki uiruke. Mtoto anayemkwepa rafiki aliyekuwa akimpenda huenda anapigwa, anatishwa, ananyang'anywa vitu, au mchezo umeingia sehemu za mwili ambazo hazichezewi. Usimkalishe kwenye kochi umhoji. Mkiwa mnachambua mchele au mnaanua nguo, muulize: "Mkicheza na mwenzio, ni mchezo gani huupendi?" Kisha nyamaza. Ukimya wako ndiyo nafasi yake. Akikuambia jambo zito usipige kelele, usiape kumfanyia mtu kitu, wala usiahidi kuifanya siri. Mwambie amefanya vizuri kukuambia. Na kuanzia sasa, michezo yote ya nyumbani iwe uani au sebuleni, mlango wa chumba ukiwa wazi, kwa watoto wote, hata wa ndugu.

Mwangalie na mgeni kwa jicho hilo hilo. Akila kwa pupa na kuficha chakula mfukoni, akigoma kwenda kwao jioni hata mnapomsindikiza, akiwa na alama za fimbo au majeraha ambayo kila siku yana maelezo mapya, akimwogopa mtu fulani wa nyumbani, au akitamka na kuigiza mambo ya ngono yasiyo ya umri wake, hapo tumeshatoka kwenye habari ya kitambaa. Usimvamie mzazi, kwa sababu wewe utaondoka na mtoto atabaki naye. Usimhoji mtoto maswali mengi pia. Andika ulichoona na tarehe, umwone afisa ustawi wa jamii wa eneo lenu. Mwenyekiti wa mtaa atakuelekeza alipo. Namba 116 ni ya huduma kwa watoto, unapiga bure na unashauriwa. Kama kuna ukatili unaoendelea, Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa mtoto anapovunjiwa haki, kwa hiyo usijione unaingilia nyumba ya mtu.

Kwa mwanao, ukiona ameanza tena kukojoa kitandani, analia usiku, hataki shule, au anashtuka geti linapogongwa, usingoje wiki mbili za majaribio. Mpeleke aonwe. Hospitali ya Mawenzi mnaweza kuanzia ustawi wa jamii, au hospitali ya KCMC. Wewe ni muuguzi, njia za humo unazijua kuliko mimi, ila siku hiyo nenda kama mama, umwachie mwingine kazi ya kuuliza maswali.

Kama hakuna dalili hata moja ya hizo, anza na kikao cha watu watatu kabla ya Ijumaa, na nenda kwa mama mwenzio Ijumaa hiyo hiyo jioni, hata kama una zamu. Jumamosi, ukisikia jiwe kwenye geti saa moja, dada wa kazi atakuwa na la kusema, na mama wa yule mtoto atakuwa anajua kwa nini amerudi mapema.